KULIKO YEYOTE NA KULIKO WENZAKE: Viwakilishi Visivyobainisha katika Ulinganishi wa Kiingereza na Kiswahili

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hutakiwa aeleze kwa Kiingereza kwamba Asha amewazidi urefu wanafunzi wa darasa lake. Huandika "Asha is taller than all in the class", kisha, akikosolewa, huandika "Asha is taller than anyone in the class", na hapo pia kalamu nyekundu hupita. Huelezwa kwamba Asha yumo darasani, hivyo katika sentensi ya pili amelinganishwa na nafsi yake. Hapana budi liongezwe neno "else". Kwa Kiingereza cha sarufi za shule maelezo hayo yana msingi, ijapokuwa wenye lugha yao huliacha neno hilo mara nyingi katika mazungumzo bila ya kueleweka vibaya. Lakini wapo wanaolivusha sharti hilo mpaka na kulitia katika Kiswahili, wakidai kwamba "Asha ni mrefu kuliko mwanafunzi yeyote darasani" ni sentensi yenye kasoro ya kimantiki hadi itiwe neno "mwingine". Dai hilo halikubaliki, na sababu zake zimo katika ujenzi wa Kiswahili chenyewe.

Suala hili lina uzito wa pekee mahali kama Kibaha na Kisarawe. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Pwani zimekuwa makutano ya Kiswahili na Kiingereza cha shule kwa muda mrefu. Chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichoanzia Kiungani, Unguja, chini ya misheni ya UMCA, kilihamishiwa Minaki, Kisarawe, katika miaka ya 1920. Misheni hiyo ndiyo iliyokuwa ya Askofu Edward Steere, mwandishi wa kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichotolewa mwaka 1870. Kibaha nako kilijengwa katika miaka ya 1960 kituo cha nchi za Nordiki, ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Mahali ambapo, kwa miaka michache, Kiingereza kilikuwa lugha ya kigeni kwa wenyeji na kwa wafadhili vilevile. Watoto wengi wa wilaya hizi, hata wale ambao wazee wao ni Wazaramo au Wakwere, hukua wakisema Kiswahili nyumbani. Kosa lao katika Kiingereza cha kulinganisha ni kosa la msemaji wa Kiswahili, na linastahili kuchunguzwa kwa kuanzia huko.

Kiingereza hutumia viwakilishi vya mkumbo wa "any" katika mazingira mawili makubwa yanayohusika hapa. Hukitumia katika ukanushi, na hukitumia katika kipimo cha ulinganishi. Neno "anyone" likikaa baada ya "than" humaanisha kila mmoja bila ya kubakiza. Likiondolewa na kuwekwa "someone", maana hubadilika kabisa: yupo mtu mmoja, asiyetajwa, ambaye Asha amemzidi. Wanaisimu wengi wameuona ukaribu huo wa ukanushi na ulinganishi, na kazi ya Martin Haspelmath ya mwaka 1997 kuhusu viwakilishi hivi imekipa kipimo cha ulinganishi nafasi yake pekee miongoni mwa matumizi tisa anayoyabainisha.

Kiswahili hakifuati njia hiyo. Katika ukanushi, nomino tupu inatosha: "Simwoni mtu", "Hakuja mtu", "Sikununua kitu". Neno "yeyote" likiongezwa hapo ni la kutilia mkazo tu. Lakini nomino tupu haiwezi kufanya kazi hiyo baada ya "kuliko". "Asha ni mrefu kuliko mtu" ni sentensi ambayo msikilizaji huingojea imalizike. Akilazimishwa kuitafsiri, ataona kama Asha analinganishwa na binadamu huku yeye akiwa kiumbe wa namna nyingine, zimwi pengine. Hapo "yeyote" ni lazima. Kwa hiyo mwalimu anayemfundisha mwanafunzi kwamba "anyone" ni "mtu yeyote" basi, amempa nusu ya habari, maana neno moja la Kiingereza linashika nafasi mbili ambazo Kiswahili kimezitenga.

Tofauti hii ina faida zake. Wanamantiki wa Kiingereza wana mzaha wao wa zamani uliojengwa juu ya neno "nothing": kipande cha mkate ni bora kuliko "nothing", na "nothing" ni bora kuliko raha ya milele, basi kipande cha mkate ni bora kuliko raha ya milele. Kwa Kiswahili mzaha huo hauundiki. Sentensi ya kwanza itakuwa "ni bora kuliko kukosa", na ya pili "hakuna kilicho bora kuliko". Hazina neno la kuziunganisha. Kiswahili hakina kiwakilishi cha ukanushi, na hapa upungufu huo umekuwa kinga.

Sasa lirejewe neno "mwingine". Mlima Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Kiingereza cha vitabu husema kwamba ni mrefu kuliko "any other mountain in Africa", lakini kwa Ulaya, ambako mlima Elbrus una mita 5,642, husema "any mountain in Europe" bila ya "other", kwa kuwa Kilimanjaro haumo Ulaya. Kiswahili husema "mrefu kuliko mlima wowote wa Afrika" na "mrefu kuliko mlima wowote wa Ulaya", na hakuna msikilizaji anayeudhani Kilimanjaro kuwa umejizidi wenyewe. Sababu imo katika neno "kuliko". Sehemu zake, ku-li-ko, zinataja mahali palipo na kitu. Kilinganishwacho husimamishwa upande huu, na kipimo upande ule kilipo. Utengano ambao Kiingereza huutafuta kwa "else" na "other" umekwisha kufanywa na kiunganishi chenyewe. Hali ni hiyo hiyo pale vinapotumika vitenzi kama "kushinda", "kupita" na "kuzidi", kwani hakuna anayejishinda isipokuwa kwa mafumbo.

Haina maana kwamba "mwingine" halina kazi. Ikisemwa, "Juma ana subira kuliko mwalimu yeyote wa shule hii", asiyemfahamu Juma hawezi kujua kama Juma ni mwalimu wa hapo au ni mzazi aliyekuja kikaoni. Ikisemwa "kuliko mwalimu mwingine yeyote", jambo hilo limefafanuka. Neno hili basi linatoa habari mahali inapohitajika, na mwandishi wa sheria au wa mkataba atafanya vyema kulitumia. Lakini kulidai kila mahali ni kulitwisha mzigo usio wake, tena neno lenyewe lina maana nyingi: "watu wengine" ni watu walio tofauti na waliotajwa, na pia ni baadhi ya watu tu.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba mjadala huu wa "mwingine" umekifunika kifaa ambacho Kiswahili kinacho tayari. Mzazi wa Maneromango akimsifu mwanawe hasemi "mrefu kuliko mtu mwingine yeyote darasani". Husema "mrefu kuliko wenzake". Neno "wenzake" linafanya mambo mawili kwa pamoja: linamtoa mhusika katika kipimo, kwa sababu mtu si mwenzake mwenyewe, na linamthibitisha kuwa ni mmoja wa kundi hilo. Kazi hizo mbili ndizo za "anyone else in the class" kwa ukamilifu. Kwa vitu visivyo na uhai kifaa hiki hakifai, na hapo ndipo "-ingine" linapostahili. Lakini kwa watu, zoezi la tafsiri lisilolitaja neno "wenzake" haliwezi kuitwa kamili.

Imebaki "kuliko wote", ambayo vitabu vya mafunzo huitoa kama namna ya Kiswahili ya kueleza upeo wa sifa. Kwa sifa kama urefu, haina matata. Ikiingia katika hesabu ya vitu, huleta utata ambao haujasemwa vya kutosha. Tuseme ripoti ya kijiji kimoja cha Kisarawe imeandikwa hivi: "Mkulima huyu amevuna korosho nyingi kuliko wakulima wote wa kijiji." Je, amemzidi kila mmoja wao, au korosho zake zinazidi za wote zikichanganywa pamoja? Sentensi inazibeba maana zote mbili. "Kuliko mkulima yeyote" inabeba ya kwanza peke yake, kwa kuwa "yeyote" huwapitia watu mmoja mmoja. Maandishi ya zamani yaliyatenga maneno, "ye yote", na pengine yaliuonyesha ujenzi huu vizuri zaidi: sehemu ya pili ni "-ote" ileile, lakini "-o" rejeshi iliyotangulia imeuzuia mkusanyo. Pale mgao wa pembejeo au ushuru unapotegemea sentensi ya namna hiyo, uchaguzi kati ya "wote" na "yeyote" si wa mapambo.

Mwanafunzi aliyeandika "taller than all in the class" amefasiri "kuliko wote" kama alivyofundishwa nyumbani na shuleni. Kumwongezea "else" kabla ya kumwonyesha tofauti ya "wote" na "yeyote" katika lugha yake mwenyewe ni kumsahihisha tawi na kuliacha shina, na ndiyo sababu mwanafunzi yuleyule hulirudia kosa lake katika Kidato cha Nne.