Mla Herufi na Mtengeneza Kulabu



Baba arudi kazini, aonja mboga, asema, "Leo chakula ni kitamu." Mama ajibu, "Kumbe siku nyingine si kitamu?" Tangu hapo chakula chasahauliwa, na kinacholiwa ni maneno.

Tabia hii ya kung'ang'ania neno haina taifa. Warusi wameipa majina mengi, na anayetaka kuyafasiri kwa Kiingereza hupata somo litufaalo hata sisi tusiojua Kirusi.

Wao husema kwamba mtu "ananasia kwenye maneno", kama mwiba ushikavyo nguo ya mpita njia. Mwingereza akipewa mwiba huo hivyo hivyo atashangaa. Yeye, kwa kosa lilo hilo, husema kwamba mtu "anachambua mayai ya chawa"; na abaguaye mambo yasiyo na tofauti, husema "anapasua unywele". Mfasiri mwema huacha mwiba, akachukua chawa, na maana ikafika salama.

Karani asiyetazama ila maandishi ya kanuni, Warusi humwita "bukvoyed", yaani mla herufi. Apindishaye sheria kwa hila humwita mtengeneza kulabu. Kwa huyu wa pili Waingereza wana jina lililotokana na mawakili wa kesi ndogo ndogo; wa kwanza yafaa aitwe kwa Kiingereza mtu wa kanuni kavu, kwani wenzetu hao hawali herufi. Na maneno yasiyo na mwisho Mrusi huyaita "kutwanga maji kinuni". Hapo Mswahili hahitaji mkalimani!

Lakini upo msemo mmoja wa mtego. Ukimwahidi Mrusi kwamba utamtembelea, huenda akacheka na kusema, "Nakukamata kwa neno lako." Ukiufasiri neno kwa neno, utadhani anatafuta ugomvi. Kumbe anasema kwa furaha: umeahidi, nami nitakungoja. Mfasiri mzembe huweza kugeuza urafiki kuwa uadui.

Wala hili si jambo dogo. Novemba 1956, mjini Moscow, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, Nikita Khrushchev, aliwaambia mabalozi wa nchi za Magharibi, "Tutawazika." Mkalimani wake, Viktor Sukhodrev, alilifasiri neno lilivyo. Magharibi walisikia tishio la vita, na neno hilo likamwandama Khrushchev kwa miaka. Mwaka 1963 alieleza kwamba hakukusudia kuwazika kwa sepetu. Tabaka la wafanyakazi wa nchi hizo hizo ndilo litakalowazika. Maneno yalifasiriwa sawasawa, lakini kusudi la msemaji lilibaki njiani.

Basi tujifunze. Askari anayeandika maelezo ya raia na aandike neno lake kama lilivyotamkwa, kisha amwulize, "Ulikuwa na maana gani?" Mume na mke nao waulizane swali hilo kabla ya kununa. Neno moja huweza kubeba sifa, mzaha au tusi, na mwenye kujua alilolibebesha ni yule aliyelitamka.

Na wewe mama, ukiambiwa leo kwamba chakula ni kitamu, mwongeze baba kijiko kimoja. Nawe baba, kesho usisahau kusema tena.