Bakshishi ya Lazima ni Mshahara Uliofichwa

Neno bakshishi asili yake ni Uajemi, na katika safari yake ndefu hadi kufika kwenye Kiswahili maana yake haikupotea njiani: ni kitu ambacho mtu humpa mwenzake kwa hiari, nje ya malipo anayodaiwa. Ikishalazimishwa, hiyo si bakshishi tena. Itakuwa ni ushuru, au itakuwa ni mshahara. Kwa hiyo mtu anaposikia kwamba katika mikahawa ya bustani kubwa za burudani nchini Marekani mgeni hutozwa bakshishi ya lazima, inampasa aulize kwanza: deni hilo linalolipwa ni la nani?

Bustani mashuhuri kupita zote za namna hiyo ni Walt Disney World, iliyo karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida, ambayo ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Eneo lake ni karibu maili za mraba 40. Katika mikahawa yake ambamo mgeni huketi mezani na kuhudumiwa, kundi la watu sita au zaidi hukuta kwenye bili nyongeza ya asilimia 18. Familia iliyokula chakula cha dola 400 hudaiwa dola 72 za ziada, mbali na kodi. Watu watano hawatozwi. Hao huachiwa dhamiri zao. Ati ukarimu wa watu watano ni hiari, lakini akiongezeka mtoto mmoja mezani, ukarimu unageuka kuwa amri.

Sababu inayotolewa si ya uongo. Kundi kubwa humshika mhudumu kwa muda mrefu, lina maombi mengi, na likiondoka bila kuacha kitu, mhudumu amepoteza jioni nzima. Jambo hilo ni kweli kabisa. Linalopaswa kuulizwa ni kwa nini mtu aliyeajiriwa, aliyevaa sare ya kampuni, aliyefika kazini kwa saa aliyopangiwa na kufanya kazi aliyoagizwa, aweze kupoteza jioni nzima kwa sababu mgeni fulani alikuwa bahili. Mwashi hapotezi siku yake kwa kuwa mwenye nyumba hakutabasamu. Mwalimu hapunguziwi mshahara kwa kuwa mzazi hakumshukuru.

Jibu limo ndani ya sheria za Marekani zenyewe. Mwaka 1966 Bunge la nchi hiyo lilipanua sheria ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 1938 ili iwafikie wafanyakazi wengi wa mahoteli na mikahawa. Lakini papo hapo likawafungulia waajiri mlango wa nyuma: bakshishi anazopewa mfanyakazi na wageni zihesabiwe kuwa sehemu ya mshahara ambao mwajiri alipaswa kumlipa. Tangu mwaka 1991 sheria ya serikali kuu inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa namna hiyo dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi zijazie mpaka kufikia kima cha chini, ambacho tangu mwaka 2009 ni dola 7.25. Zisipojazia, mwajiri anatakiwa atoe kilichopungua. Vitu vilivyopanda bei Marekani tangu 1991 havina idadi, lakini hizo dola 2.13 hazikupanda hata senti moja.

Florida ina afadhali kidogo. Mnamo Novemba 2020 wapiga kura wake, zaidi ya asilimia 60, waliamua kwamba kima cha chini kipande hatua kwa hatua. Tarehe 30 Septemba 2025 kilifika dola 14 kwa saa. Hata hivyo mfanyakazi wa bakshishi anaruhusiwa kulipwa dola 10.98 na mwajiri wake, yaani pungufu ya dola 3.02. Tofauti hiyo imefungwa ndani ya katiba ya jimbo kwa hesabu ya mwaka 2003. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: kwa kila saa ya kila mhudumu wa namna hiyo, sheria inamruhusu tajiri kuchukua dola 3.02 kutoka katika shukrani za mgeni na kulipia deni lake. Mgeni anadhani amempa mhudumu. Kwa kiasi hicho, amempa mwenye mkahawa.

Mtindo huu una historia, na historia yake haipendezi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikwisha mwaka 1865 na utumwa ukakomeshwa. Kampuni ya Pullman, iliyomiliki mabehewa ya kulala katika treni, ikaajiri maelfu ya watu weusi, wengi wa wale wa mwanzo wakiwa wametoka utumwani juzi tu. Mshahara wao ulikuwa mdogo, kwa kuwa ilitazamiwa kwamba abiria wangemalizia. Basi mtu mzima mwenye mke na watoto alilazimika kucheka asipofurahi, kupiga viatu rangi usiku wa manane, na kuitikia alipoitwa George, ambalo lilikuwa jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa wa zamani alivyobandikwa jina la bwana wake. Mwaka 1925 wafanyakazi hao waliunda chama chao wakiongozwa na A. Philip Randolph, wakadai mshahara wa kumtosha mtu badala ya kuishi kwa huruma ya abiria. Walipambana kwa miaka 12, hadi mwaka 1937 kampuni ilipotia sahihi mkataba uliopandisha mishahara na kupunguza saa za kazi.

Wamarekani wenyewe waliwahi kuuona ubaya huo. Jimbo la Washington lilipiga marufuku bakshishi mwaka 1909, na majimbo mengine kadhaa yakafuata. Lakini kufikia mwaka 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimefutwa.

Wala msomaji wa Tanzania hana haja ya kusafiri hadi Florida ili aelewe jambo hili. Mtalii anayekuja kupanda Mlima Kilimanjaro mara nyingi huarifiwa na kampuni ya utalii, hata kabla hajapanda ndege, ni kiasi gani cha bakshishi kinachotarajiwa kwa wapagazi, mpishi na kiongozi wa safari. Mpagazi aliyebeba mzigo wa kilo 20 hadi kambi za juu hushuka akiwa na wasiwasi kama mgeni atakumbuka au atasahau. Huyo naye ana mwajiri, na mwajiri huyo amekwisha kulipwa gharama yote ya safari kabla mzigo haujainuliwa.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 18, maana ndani yake mna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Mwaka 2012 Idara ya Mapato ya Marekani ilitoa uamuzi, ulioanza kutekelezwa Januari 2014, kwamba malipo yanayoongezwa na mkahawa wenyewe kwenye bili, na ambayo mgeni hana uhuru wa kuyakataa wala kuyapunguza, si bakshishi. Ni ada ya huduma, na inapogawiwa kwa mfanyakazi huhesabiwa kuwa mshahara wa kawaida. Tofauti hii si ya maneno matupu. Sheria ya mwaka 2018 inamkataza mwajiri kujitwalia bakshishi za wafanyakazi wake. Lakini kwa sheria za serikali kuu ada ya huduma ni mali ya mwajiri tangu inapolipwa. Akiigawa kwa wahudumu, anaruhusiwa kuihesabu yote katika kutimiza kima cha chini. Haidaiwi hapa kwamba kampuni ya Disney inaizuia. Linalosemwa ni kwamba mgeni anayelipa dola 72 akiamini kuwa amemkabidhi mhudumu mkononi, ameziweka kwanza mikononi mwa mwajiri.

Ikaja nyingine. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 iliwaruhusu wapokeaji wa bakshishi kuondoa hadi dola 25,000 kwa mwaka katika pato lao linalotozwa kodi ya mapato ya serikali kuu, kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028. Ilisifiwa sana kama zawadi kwa wafanyakazi wanyonge. Lakini sharti lake mojawapo ni kwamba bakshishi iwe imetolewa kwa hiari. Basi mhudumu aliyeachiwa dola 72 na meza ya watu watano anaweza kupata nafuu hiyo, na mwenzake aliyelipwa dola 72 zilezile na meza ya watu sita hapati, kwa kuwa zake ziliandikwa na kampuni. Jasho moja na mkahawa mmoja, lakini watu wawili mbele ya mtoza kodi.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja mbili, na zote mbili zastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba wahudumu wengi wenyewe wanaupenda, kwa kuwa katika mikahawa ya bei ya juu bakshishi huwapatia zaidi ya mshahara wowote walioahidiwa. Ni kweli, na hata mwaka 2024 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walikataa pendekezo la kuondoa mshahara pungufu wa wafanyakazi wa bakshishi. Lakini mtu anayeshikilia kamba iliyochakaa kwa sababu hajapewa nyingine hajathibitisha kwamba kamba ni nzima. Mpe mkataba wenye mshahara unaolingana na pato lake la sasa, ndipo umwulize tena.

Hoja ya pili ni ya ushindani. Mkahawa ukiingiza huduma ndani ya bei, wasema, bei yake itaonekana ghali na wateja watahamia kwa jirani. Hoja hii ina ushahidi: Danny Meyer, mwenye mikahawa maarufu huko New York, alianza kuondoa bakshishi mwaka 2015 akapandisha bei za vyakula, na mwaka 2020 akarudisha mtindo wa zamani. Tukubali basi kwamba mwenye mkahawa mmoja mjini ana la kuogopa. Je, kampuni inayomiliki maili za mraba 40 inamwogopa nani? Mgeni amekwisha kununua tiketi, amekwisha kupita langoni, watoto wana njaa, na jua la Florida linawaka. Jirani atakayemkimbilia hayupo. Kama kuna mahali duniani ambapo huduma ingeweza kuingizwa ndani ya bei pasipo mwajiri kupoteza mteja hata mmoja, ni ndani ya ukuta wa bustani ya burudani.

Na kampuni hiyo inajua kufanya hivyo. Palepale Florida kuna chakula cha jioni kinachoambatana na maonyesho, Hoop-Dee-Doo, kilichoanza mwaka 1974, ambacho bei yake imejumlisha kodi na bakshishi. Mpango wa kulipia milo mapema, ulioanza mwaka 2005, nao ulijumlisha bakshishi kwa miaka ya mwanzo. Kuanzia mwaka 2008 bakshishi ikaondolewa, mgeni akaambiwa ailipe mwenyewe. Huko Ufaransa, ambako bustani ya Disney ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, agizo la serikali la mwaka 1987 linataka bei inayoonyeshwa katika mikahawa iwe imekwisha kuingiza huduma. Mfaransa au Mmarekani akiketi mezani huko hulipa bei aliyoisoma, na akiacha sarafu juu yake ni kwa mapenzi yake. Bustani hiyo haikufungwa kwa sababu ya agizo hilo.

Katika Florida, katiba inaagiza kima cha chini kifike dola 15 tarehe 30 Septemba 2026. Mhudumu wa mezani ataweza kulipwa dola 11.98.