Starlink imeruhusiwa, lakini ni nani analinda mlango wa rezo?

Mwaka wa 2024 Starlink ilikuwa imekatazwa nchini Kongo. Mei 2025, ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ikaipa ruhusa. Vituo vya afya, mashule na biro sasa wanaweza kuweka sahani yao wazi. Kisha kila mtu anaingia mle: muganga, mugonjwa anayengoja, mpaka mtoto wa jirani aliyepewa neno la siri.

Wengi wanafikiri hatari inatoka nje. Lakini kwa wateja wa kawaida, Starlink inagawa adresi moja kwa watu wengi, basi mtu wa nje hawezi kirahisi kugonga mlango wako moja kwa moja. Hatari kubwa iko ndani: telefone yenye virisi ikikaa kwenye rezo moja na ordinatere yenye majina ya wagonjwa. Kwetu huku, mara nyingine ni majina ya wanawake waliobakwa. Jina likitoka, ni maisha ya mtu. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 nayo inamulazimisha anayetunza habari za watu azilinde.

Parefe, yaani mulinzi wa rezo, ndiyo inatenganisha: wageni fasi yao, kazi fasi yake. Programu za bure ziko. Kinachosumbua ni umeme.

Mafundi wengi wanapendekeza ordinatere ya zamani ya mezani. Tupige hesabu: ikikula wati 60, kwa saa 24 ni 1440. Batri ya volti 12 na ampea 100 inabeba 1200, na ile ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo saa 10 tu, imekwisha, na taa ya chumba cha kuzalia je? Ordinatere ndogo ya wati 10 inakula 240. Ruta yenye OpenWrt inakula hata kidogo zaidi.

Kwa kituo chenye ordinatere chini ya kumi, tungechagua OpenWrt. Ila kabla ya kulipa, geuza ruta, soma jina na namba ya toleo kwenye karatasi ya chini: jina moja linaweza kuficha mashini mbili tofauti, na moja haikubali. Kwa hospitali ao chuo, ordinatere ndogo yenye OPNsense: biti 64, RAM giga 4 ao zaidi, matundu mawili ya kebo. Karta za rezo za Intel zinaelewana nayo vizuri kuliko za Realtek. Angalia pia sahani yenyewe, kwani kuna ruta za Starlink za mbele zisizo na tundu la kebo. Adapta inanunuliwa kando.

Neno la siri la parefe lisibaki kwa fundi peke yake. Liandikwe, liwekwe ndani ya bahasha kwa mukubwa wa kituo, maana fundi anaweza kukimbia vita kama sisi wote.