Neno "Meza": Asili Yake na Maana Yake

Wako wababa wanaosema kwamba "meza" imetoka katika "kumeza". Basi, kwao meza ni mahali pa kumezea, naye anayeleta chakula nyumbani ndiye mwenye haki ya kuikalia. Kwa maneno hayo baba anakaa mezani peke yake na nyama, mama na watoto wanabaki jikoni na mchuzi, na mtumishi wa nyumba anakwangua masufuria. Elimu hiyo ni ya uwongo, na desturi hiyo ni mbaya.

Kwanza tutazame neno lenyewe. "Kumeza" ni neno la Kibantu, tumelipata kwa wazee wetu. "Meza" ni neno geni. Ni mesa ya Wareno, nao waliirithi katika Kilatini, mensa. Wareno walifika pwani ya Waswahili mwaka wa 1498 pamoja na Vasco da Gama, wakaacha huko maneno mengi: leso, bendera, mvinyo. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Unguja ikaleta Kiswahili hata kwetu Kongo. Upande wa magharibi, Wareno walikuwa wamefika penye mlango wa mto Kongo tangu 1482. Na leo kwa Lingala meza ni mesa, lakini kumeza ni komela. Je, maneno hayo mawili yana undugu gani?

Wengine watajibu: "Ni desturi ya wazee." Desturi gani? Wazee walikaa mkekani na kuzunguka chungu kimoja, wanaume pamoja na wavulana, wanawake pamoja na wasichana. Aliyekula peke yake aliitwa mchoyo. Meza ya mtu mmoja hatukuirithi kwao. Tuliiona kwa mabwana wa ukoloni: bwana ameketi, boyi amesimama nyuma yake na sahani. Ukoloni ulikwisha mwaka wa 1960. Mbona tumeuweka nyumbani mwetu, baba akiwa bwana na mama akiwa boyi?

Tena sisi wakristu tunalo neno hili kanisani. Katika Kilatini cha Kanisa, mensa ni pia sehemu ya juu ya altare. Paulo Mtakatifu aliwakaripia Wakorinto kwa sababu walikutanika kwa Karamu ya Bwana, na huyu alilewa, yule akabaki na njaa. Hakuliona kuwa jambo dogo la jikoni. Aliwaambia kwamba wanalidharau Kanisa la Mungu. Basi, mtu anayepokea Komunyo pamoja na mke wake siku ya Mungu asubuhi, na saa sita anamrudisha jikoni, amepokea nini?

Enyi wababa, msiseme kwamba meza ni ndogo. Kama haiwatoshi wote, iondoeni, tandikeni mkeka, baba abariki chakula, na sombe na ndagala zimfikie kila mtu wa nyumba, na mtumishi pia.