Walimu wa Sunday school si watu wa kutumwa tu

KATIKA sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lililoundwa mwaka 1963 kwa muungano wa makanisa saba, watoto hufundishwa na walimu wasiolipwa mshahara. Mchungaji na mwinjilisti ndio waajiriwa.

Tatizo si posho, ingawa nayo hunung'unikiwa chinichini. Tatizo ni namna mwajiriwa anavyomtazama anayejitolea. Katika Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, kila mwisho wa Septemba, mwalimu humwagiwa sifa mbele ya waumini. Bajeti ya usharika inapopangwa, ni nadra kuulizwa chochote.

Dharau hiyo ina gharama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa anapojua kuwa haki za mtoto zinakiukwa. Haibagui anayelipwa na asiyelipwa. Anayekaa na watoto kila Jumapili ndiye wa kwanza kuona alama za fimbo, au mtoto mchangamfu aliyenyamaza ghafla. Aliyezoeshwa kupokea maagizo tu atapata wapi ujasiri wa kusema, hasa kama mtuhumiwa ni mtu mzito usharikani?

Wapo waajiriwa wanaodai kuwa anayejitolea hawezi kuwekewa masharti wala kuchunguzwa, kwa kuwa halipwi. Hoja hiyo inaonekana ya upole, lakini ndiyo inayomfungulia mlango yeyote. Mzazi anapomwacha mtoto wake darasani hajui, wala haulizi, nani analipwa.