Uchambuzi ni wa kocha, neno ni la mchezaji

Tarehe 29 Mei 2021, mjini Porto, Pep Guardiola aliingia katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya bila kiungo mkabaji. Rodri benchi, Fernandinho benchi, ingawa msimu mzima ilikuwa nadra sana kuwakosa wote wawili. Ilkay Gündogan, ambaye msimu ule alifunga magoli mengi kwa kupanda mbele, ndiye aliyepewa kazi ya kulinda. Dakika ya 42 Mason Mount akapitisha pasi katikati, mahali palipokuwa patupu, Kai Havertz akampita kipa na kufunga. Chelsea 1, Manchester City 0.

Tangu siku hiyo imekuwa kawaida kusema kwamba Guardiola hufikiri kupita kiasi. Kila mabishano ya mpira kati yetu wanafunzi hufika Porto mapema au baadaye, kisha mtu humtaja Carlo Ancelotti: mzee mtulivu, makombe matano ya mashindano hayo hayo akiwa kocha, wape wachezaji wazuri mpira uone. Hitimisho: kabumbu ni mchezo rahisi, wachambuzi ndio wanaouharibu.

Hitimisho hilo mimi silikubali. Aliyeshinda Porto alikuwa Thomas Tuchel, mtu anayechora mbinu usiku na mchana kama Guardiola mwenyewe. Na miaka miwili baadaye, mjini Istanbul, Guardiola alicheza fainali nyingine kwa mpango mgumu kuliko ule wa Porto: John Stones, beki wa kati, alikuwa akipanda na kuwa kiungo kila timu ilipopata mpira. City ilishinda Inter 1-0. Mfungaji? Rodri, yule yule wa benchi la Porto.

Kwa hiyo tatizo si wingi wa mawazo. Kazi ile ya Stones ilikuwa imerudiwa kwa miezi, mazoezini na katika michezo, hata haikuwa tena wazo, ilikuwa mazoea ya miguu. Ule mpangilio wa Porto wachezaji waliingia nao katika fainali bila kuuzoea. Hofu ya kocha ilikuwa na sababu, maana Tuchel alikuwa amemfunga mara mbili katika wiki chache zilizotangulia. Lakini hofu ile ilipaswa kubaki chumbani mwake.

Sisi wa lugha tulipaswa kuliona hili kabla ya wengine. Hakuna mtu anayehesabu ngeli kabla ya kusema kikombe kimevunjika (na hapa Lubumbashi wengi tunasema imevunjika, wahadhiri watusamehe). Jedwali la ngeli ni la anayeichunguza lugha. Anayegombana sokoni halihitaji, na akilifikiria ugomvi umemshinda. Wote tunamjua mwanafunzi anayejua upatanisho wote kwa kalamu, lakini akisimama kwenye mtihani wa mdomo anagugumia. Si kwamba amejifunza sana. Hajasema vya kutosha.

Tuna pia mfano wa nyumbani. Desemba 2010 huko Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lamine N'Diaye, bila Trésor Mputu aliyekuwa amefungiwa, iliitoa Pachuca 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0, ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Tulichokiona dhidi ya Internacional mtoto angeweza kukisimulia: jibaneni nyuma, Kidiaba yupo, mkinyang'anya mpira utoeni haraka kwa Kabangu na Kaluyituka. Wote wawili walifunga. Fainali Inter ilitufunga 3-0, na hiyo nayo ni habari rahisi: walikuwa bora.

Ninaloliogopa liko karibu zaidi. Katika viwanja vya mitaa yetu, Ruashi au Katuba, unamkuta kocha kijana ameshika ubao, anawaambia watoto wa miaka 12 habari za «bloc bas», «transition» na «demi-espace». Ameviona kwenye simu, na si vibaya kuvijua. Ila mtoto anakimbia huku macho yake yako kwa kocha, hayako kwenye mpira. Akikosea mara mbili anatolewa. Anayetolewa kila Jumamosi, siku moja haji tena, na watu husema hakuwa na kipaji. Huenda hakuelewa Kifaransa tu.

Maneno hayo yanaweza kusemwa. «Bloc bas» ni tushuke wote tujibane. «Transition» ni ukipoteza mpira, ufukuze hapo hapo. Na wachezaji wenyewe wana lugha yao tayari: «Mtu!» huambiwa anayepokea pasi huku adui yuko mgongoni. Silabi mbili, na kocha yeyote angehitaji sentensi nzima kueleza hivyo. Lugha hiyo ingefaa kukusanywa kwa daftari, pembeni mwa mstari, na kurudishwa kwa makocha hao vijana. Wanaotafuta mada ya tasnifu mwaka huu, watoto huanza kucheza Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali.