Anthropolojia Kakamega: Nani Alipe, na kwa Kazi Gani?

Mzazi wa Khayega au Malava anapoambiwa kwamba KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo nchini Kenya, limempa mwanawe nafasi ya kusomea anthropolojia, haulizi somo hilo linahusu nini. Anauliza: utaandikwa wapi? Mwalimu huandikwa na tume ya walimu, TSC, muuguzi na kaunti, na mhandisi ana bodi yake ya kumsajili. Mwenye shahada ya anthropolojia hana tume wala bodi inayomngoja. Kwa familia iliyouza ng'ombe au kukodisha kipande cha shamba la miwa ili mtoto amalize sekondari, swali hilo ni la haki. Wasomi wanaolijibu kwa kusifu elimu kwa ajili ya elimu wanawavunjia heshima wazazi hao.

Wenye mamlaka nao huliuliza, na kwa ukali zaidi. Mwaka 2011 gavana wa Florida, Rick Scott, alisema jimbo lake halikuhitaji wanaanthropolojia zaidi, hivyo fedha ziende kwenye sayansi na uhandisi. Hapa jirani, Uganda ilipandisha mishahara ya walimu wa sayansi mwaka 2022 hadi shilingi milioni nne za nchi hiyo kwa wenye shahada na kuwaacha wenzao wa sanaa nyuma, wakagoma. Kenya haijafika huko. Hata hivyo, tangu mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi ulipoanzishwa mwaka 2023, na hata baada ya Mahakama Kuu kuutangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Desemba 2024, kila familia imejifunza kupiga hesabu: kozi hii ni ya bei gani, serikali italipa kiasi gani, sisi tutabaki na deni gani.

Msimamo wangu ni kwamba fedha za umma zisomeshe anthropolojia katika shahada ya kwanza, na zisomeshe hapa magharibi kuliko mahali pengine popote nchini. Ila ziwasomeshe wachache, wanaoitaka, na kwa namna tofauti kabisa na ilivyozoeleka. Sababu zangu zinaanzia kwenye dhahabu.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika itabaki yao daima. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana karibu na Kakamega. Kufikia Desemba 1932 ahadi ilikuwa imevunjwa: sheria ilirekebishwa ili ardhi iweze kutengwa kwa uchimbaji bila wenyeji kupewa nyingine badala yake, na bila baraza lao kushauriwa kwanza. Wazungu walimiminika na mahema yao, vijana wa Maragoli, Isukha na Idakho wakawa vibarua kwenye mashimo, na mgodi wa Rosterman ukachimbwa hadi mwaka 1952. Jina la Rosterman bado linatumika mjini Kakamega mpaka leo.

Katikati ya vurugu hiyo, mwaka 1934, akafika msomi Mjerumani, Günter Wagner, kuwachunguza Walogoli na Wabukusu. Alifanya utafiti hadi mwaka 1938, na juzuu la kwanza la kitabu chake kuhusu Wabantu wa Kavirondo Kaskazini, kama eneo hili lilivyoitwa wakati wa ukoloni, likatoka mwaka 1949. Ni kazi ya thamani. Mambo ya ukoo, jando, mahari, mizimu na mazishi yamo kwa kina ambacho wajukuu wa watu aliowahoji hawawezi tena kukipata kwa wazee wao. Wala si kweli kwamba hakuona dunia ikibadilika, maana mwaka 1939 alichapisha andiko zima kuhusu familia iliyokuwa ikigeuka. Hata hivyo, kiini cha kazi yake hakikuwa ardhi iliyokuwa ikichukuliwa huku yeye akiandika. Ujuzi mwingi ulikusanywa katika wilaya ile ile, lakini haukuwa mikononi mwa watu walioamuliwa mambo yao wakati walipouhitaji.

Sasa dhahabu imerudi kwenye ajenda. Kampuni ya Shanta Gold ilinunua mradi wa Kenya Magharibi kutoka Barrick mwaka 2020, na imekuwa ikipima mwamba wa Isulu na Bushiangala huko Ikolomani, mahali ambapo maboma yamekaribiana na kila boma lina makaburi yake. Mgodi wa kisasa una wanajiolojia, wahandisi, wanasheria na wathamini. Mthamini anajua kuhesabu nyumba, migomba, miti ya mkaratusi na ekari. Yako mambo mengine ambayo fomu yake haina safu ya kuyaandika. Mjane anayelima shamba ambalo bado limeandikwa jina la baba mkwe aliyekufa zamani, fidia yake inapokelewa na nani? Kijana aliyejenga simba yake, yaani kibanda cha kijana, kwenye kona ya boma lakini yuko Nairobi akifanya kazi ya ulinzi, anahesabiwa kama mwenye nyumba? Binti aliyerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika anasimama wapi? Makaburi yakihamishwa, ni nani katika ukoo mwenye haki ya kutoa idhini, na asipotoa?

Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa dodoso la dakika ishirini linalojazwa kwenye simu. Yanahitaji mtu anayekijua Kiidakho, lugha ya hapo, anayeweza kukaa kwenye matanga mpaka usiku wa manane bila kutoa daftari, na kurudi kesho na keshokutwa mpaka aelewe kwamba alichoambiwa na liguru, mzee wa kijiji, kwenye baraza si kile wanawake wanachosema kisimani. Kukaa huko, kusikiliza, kuandika kwa uaminifu na kulinganisha kauli ndiyo kazi ya anthropolojia. Ina mbinu zake na miiko yake, na haifanywi vizuri na mtu ambaye hakufundishwa, hata kama amezaliwa kijiji kile kile. Mzaliwa huwa na upofu wake pia: kuna mambo aliyoyazoea kiasi kwamba hayaoni, na kuna wapinzani wa ukoo wake ambao hawezi kuwasikiliza bila mafunzo.

Na Katiba ya mwaka 2010 imeifanya kazi hiyo kuwa ya lazima. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi kama thamani ya taifa, na cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake. Kila mswada wa kaunti na kila mradi mkubwa unaandaliwa mkutano. Nimehudhuria mikutano hiyo. Hema linapigwa, viti vinapangwa, wazungumzaji ni wale wale, maji ya chupa yanagawiwa, orodha ya mahudhurio inatiwa saini, na ripoti inaandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa. Sheria imeunda kazi, lakini wanaopewa kuifanya hawakufundishwa jinsi ya kumsikia mtu asiyezungumza hadharani. Mzazi anayeuliza mtoto ataandikwa wapi angepaswa kujibiwa hapa: kwenye idara za kaunti za ardhi, maji, afya na mipango. Kaunti ikitangaza nafasi mbili tatu kama hizo kila mwaka, swali lake litakuwa limeanza kupata jibu la kweli.

Hitaji la kazi hii ni la zamani. Wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa Kakamega wanapanga vyumba Kefinco, mtaa uliopata jina lake kutoka kwa mradi wa maji wa Kenya na Finland ulioanza mwaka 1981 na kuchimba visima vyenye pampu za mkono katika Mkoa wa Magharibi. Kuchimba kisima ni uhandisi. Kuamua pampu ikivunjika nani achangishe pesa ya vipuri, nani ashike ufunguo, na kama mwanamke anaweza kuwa mweka hazina wa kamati ambayo mashemeji zake ni wanachama, hiyo ni anthropolojia, na ndiyo inayoamua kama maji yatatoka baada ya miaka kumi.

Au tuchukue mazishi. Aprili 2020, huko Siaya, maafisa waliovaa mavazi ya kujikinga walimzika mtu usiku, upesi upesi, kwa hofu ya korona, na picha zikawatia watu uchungu nchi nzima. Miaka sita kabla yake Afrika Magharibi ilikuwa imelipia somo hilo kwa damu. Wakati wa Ebola, familia zilificha maiti kwa sababu wahudumu wa afya waliwanyang'anya wafu wao, mpaka mwishoni mwa 2014 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, baada ya kuwasikiliza viongozi wa dini na wanaanthropolojia. Masinde Muliro kinajulikana kwa kufundisha usimamizi wa majanga. Sioni mtu anawezaje kusimamia janga magharibi mwa Kenya bila kujua mwili hulala wapi, huelekezwa upande gani, na nani lazima awepo kabla ya udongo kumwagwa.

Hoja moja ya watetezi wa somo hili siikubali: kwamba tunalihitaji ili kuhifadhi mila. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wapigaji wa Shinyalu hawahitaji mhitimu wa kuwaonyesha jinsi ya kupiga. Wanahitaji vijana wa kurithi, miti ya kuchonga, na watu wa kuwalipa. Anthropolojia inaweza kueleza kwa nini vijana hawabaki. Ikijifanya mlinzi wa makumbusho inarudi kule ilikotoka, kwenye kumtazama Mwafrika kama kitu cha kale. Mshairi wa Uganda, Okot p'Bitek, aliikuta sura hiyo Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawapinga walimu waliowaita watu wake washenzi, na mwaka 1970 akachapisha kitabu kizima dhidi ya usomi wa namna hiyo. Lakini aliporudi hakuiacha kazi ya kuwachunguza watu. Aliifanya akiwa Kisumu na Nairobi, kwa masharti yake.

Sasa niseme kuhusu ufundishaji, maana hapa wenye kulidharau somo wana ushahidi. Chuo Kikuu cha Nairobi, Moi na Maseno vyote vimelifundisha, na vimetoa watafiti wazuri. Lakini wengi wanaoingia hawakulichagua. Alama zao hazikutosha sheria wala uuguzi, wakapangiwa lililobaki. Wanasoma kwa vijitabu vya kunakili katika ukumbi uliojaa, wanamjua Malinowski na visiwa vyake vya Trobriand kwa ajili ya mtihani, na wengine wanahitimu bila kulala hata usiku mmoja kwenye nyumba ya mtu wanayemwandika. Baadaye wanaajiriwa kwa mikataba ya wiki chache kukusanya data za mashirika. Kulipia shahada ya namna hiyo kwa kodi ya umma ni hasara, na mimi nisingemshauri mzazi yeyote aiuzie ng'ombe.

Ningependa darasa la wanafunzi thelathini, si mia tatu. Waombaji wahojiwe. Katika mwaka wa pili, wanafunzi wote watumie muhula mzima kijijini, Ikolomani, Lugari au Mumias, wakiishi na familia, na nauli na chakula vyao viwe ndani ya gharama ya kozi inayofadhiliwa badala ya kuachiwa wazazi. Kila mmoja achukue pamoja na anthropolojia somo la pili lenye kazi mkononi: takwimu, sheria ya ardhi, afya ya jamii au usimamizi wa maji. Na tasnifu, kabla haijapelekwa kwa mtahini, isomwe kwa Kiluhya au Kiswahili mbele ya watu wa kijiji inaowahusu, wapewe siku ya kuipinga, na mapingamizi yao yaandikwe kama sura ya mwisho.